Kabla Hujalipa Kupigiwa Windows

Mtu akikupigia simu akakwambia "niko Kamanga," muulize kwanza yuko upande gani wa maji. Kamanga ni gati la mjini Mwanza, pale magari yanapopanga foleni kusubiri kivuko. Kamanga pia ni kijiji cha ng'ambo ya ghuba, wilayani Sengerema, pale kivuko kinapoteremsha watu, magunia na pikipiki. Mimi ni wa ng'ambo. Nina steshenari ya meza mbili, printa moja, mashine ya fotokopi na laptopu ya mtumba, na habari hii inaanzia siku laptopu ilipogeuka bluu nikiwa katikati ya kuchapa mitihani ya nusu muhula ya darasa la sita.

Skrini ilionyesha uso wa huzuni, maneno machache ya Kiingereza, na asilimia zinazopanda polepole. Mwalimu aliyekuwa akisubiri mitihani yake aliinama akachungulia, akasema, "Mama Kulwa, izime uiwashe." Nikabonyeza kitufe mpaka ikazimika. Ilipowaka nikachapa kurasa mbili, ikageuka bluu tena. Kufika jioni ilikuwa imeanguka mara nne, na mitihani ikavushwa kwenda kuchapwa mjini.

Siku kumi zilizofuata nilipita kwa mafundi watatu, nikavuka maji mara mbili, nikapoteza hesabu za kikoba chetu, na mwisho wa yote mashine ilipona kwa dakika ishirini. Bei nitakazozitaja ni zile nilizotajiwa mimi. Za kwako zitapanda au kushuka kidogo kulingana na fundi na maneno yako ya kubembeleza, ila kipi ni rahisi na kipi ni ghali sidhani kama kitabadilika.

Tuanze na jina la mgonjwa. Wanaoandika vitabu husema kiendeshi. Mafundi wa hapa husema draiva, nami nitasema draiva, kwa kuwa ndilo neno utakalolisikia ukifika na mashine yako kwapani. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa: kuna ya waifai, ya sauti, ya picha, ya printa. Bila draiva sahihi, kifaa ni chuma tu.

Sasa kwa nini kitu kidogo hivyo kiangushe mashine nzima? Fikiria kivuko. Programu ya kuandikia barua ni abiria wa sitaha ya juu. Akizimia atapepewa, na safari itaendelea. Draiva iko chumba cha injini. Nyingi hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambako hakuna ukuta kati ya mmoja na mwingine. Draiva ikiandika kwenye kumbukumbu isiyo yake, Windows haiwezi kujua ni nini kingine kimeharibika, hivyo inasimamisha kila kitu kwa makusudi isije ikamwaga takataka juu ya mafaili yako. Skrini ile ya bluu ni Windows yenyewe imefunga breki. Katika Windows 11 ya karibuni skrini hiyo ni nyeusi, na uso wa huzuni haupo tena, kwa hiyo usidhani unaumwa ugonjwa mwingine.

Wakubwa nao huangushwa na jambo hilihili. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta, ilisambaza faili dogo kwa ajili ya programu yake ya Falcon, ambayo sehemu yake ni draiva inayokaa ndani ya kerneli. Kwa saa zetu ilikuwa saa 1 na dakika 9 asubuhi. Faili lile liliitaka programu isome kitu cha 21 wakati vilivyokuwapo ni 20. Ikasoma mahali pasipo na kitu, Windows ikafunga breki. Saa 2 na dakika 27 faili lilikuwa limeshaondolewa, lakini kwa makadirio ya Microsoft mashine zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari kama 7,000. Na dawa ilikuwa nini? Watu wa kompyuta walizunguka mashine kwa mashine, wakaiwasha katika hali salama, wakafuta faili moja, basi. Hakuna aliyesimama pale akasema, "Mama, hizi Windows zimekufa zote, tupige mpya."

Mimi niliambiwa hivyo.

Kijana wa kwanza ni jirani yangu hapa kijijini, mtoto wa watu, ana heshima zake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu nitazamie hii." Hakuitazama skrini hata kwa muda wa kumeza mate. "Windows imekufa hii. Dawa yake kupiga mpya. Elfu kumi na tano." Nikamuuliza vitu vyangu vitakuwaje. "Vya kwenye Documents navihifadhi, mama, usiwe na wasi."

Alivihifadhi kweli. Hesabu za kikoba zilikuwa kwenye uso wa skrini, pale ninapoweka kila kitu ninachokitumia kila siku, na pale hakupagusa. Nilikaa jioni tatu na daftari la mweka hazina kuziandika upya. Juu ya ile 15,000 alinidai 5,000 ya "kuifanya orijino," nikatoa. Siku ya pili baada ya kuichukua, saa nne asubuhi, bluu.

Sisemi kijana ni mwizi. Kupiga Windows ni kazi inayompa ulaji kwa utulivu: anachomeka flashi, anabonyeza mara tano, anaendelea na simu ya mteja mwingine. Anaweza kupiga mashine nne kwa pamoja. Kutafuta draiva mbovu kunadai akae na mashine moja, asome, afikiri, na sisi wateja hatujazoea kulipia kufikiri. Tunalipia kitu kilichowekwa. Lakini kwa mwenye mashine, kupiga Windows kwa ajili ya draiva moja ni kubomoa nyumba kwa sababu mlango mmoja unalia. Na wakati mwingine mlango uleule unarudishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: kwenye flashi yake kijana alikuwa na programu ya bure inayojinasibu kutafuta na kuweka draiva zote mpya kwa mkupuo mmoja. Ndiyo iliyoniwekea draiva mbovu ya waifai mara ya kwanza, miezi miwili kabla, na ndiyo aliyoitumia tena kumalizia kazi. Nililipa 20,000 nikarudishiwa ugonjwa wangu.

Hiyo 5,000 ya kuifanya orijino nayo niiseme. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baada yake kwa kawaida ina ufunguo wake ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikishapata intaneti inajithibitisha bila mtu kuigusa. Fundi akikwambia lazima aweke kiprogramu cha kuivunja, na lazima kwanza azime antivairasi ndipo kifanye kazi, jiulize kwa nini kitu kizuri kinaogopa mlinzi. Usilipe.

Na kama ni lazima Windows ianze upya, unaweza kuifanya mwenyewe bila flashi ya mtu. Kwenye mipangilio kuna kipengele cha "Reset this PC." Ukichagua "Keep my files," mafaili yako yanabaki, programu ulizoweka zinaondoka. Kisha utaulizwa ipakuliwe upya kutoka intaneti au itumike iliyomo ndani. Hapo ndipo bando linapopona au kufa: ya kupakua inaweza kula zaidi ya GB 4, ya ndani haili kitu. Chagua ya ndani. Tatizo lake ni kwamba inaweza kukurudishia draiva za zamani pamoja na wema na ubaya wake, kwa hiyo hata hii si dawa ya kwanza.

Bluu iliporudi baada ya Windows mpya, nikavuka. Wa Sengerema mjini siku hizi wana hiari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wanaweza kuzunguka na gari bila kusubiri maji. Kwa sisi tunaokaa kando ya gati, kivuko bado ndiyo njia ya mkato, na kina faida moja: unashuka mjini penyewe, na mafundi unawafikia kwa miguu. Nauli ya kwenda na kurudi, bajaji kwa sababu jua lilikuwa kali, na chai ya mchana, safari moja ilinitoka kama 8,000. Kuna gharama nyingine ambayo watu hawaiandiki: duka limefungwa. Siku ya kawaida naingiza kama 12,000. Kwa hiyo kabla fundi wa mjini hajagusa bisibisi, nilikuwa nimeshatumia 20,000.

Fundi wa kwanza wa mjini ana duka la vioo na kiyoyozi. Alibaki na laptopu usiku kucha, akatoza 5,000 ya kuangalia, na kesho yake nilipovuka tena akanipa hukumu: mazabodi imechoka, mpya ni 120,000 pamoja na ufundi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema kwa uzoefu. Nilitaka kumwuliza uzoefu huo umeandikwa wapi, nikanyamaza, nikachukua mashine yangu.

Wa tatu nilimkuta njiani kurudi gatini, kibanda cha upana wa mlango, meza imejaa chaja zilizofunguliwa matumbo. Bei yake ilikuwa 10,000, na kabla ya kuitaja aliniuliza maswali ambayo wenzake hawakuniuliza. Inaanguka ukifanya nini? Inaandika jina lilelile kila mara? Ulianza lini, na kabla ya hapo uliweka nini? Kisha akauliza, "Mama, ikigeuka bluu huwa unaiacha ifike asilimia mia?" Nikasema siiachi, naizima. Akacheka kidogo. "Basi ulikuwa unafuta ushahidi."

Hapa nitakaa kidogo, maana elfu kumi yangu ilikuwa inanunua somo hili. Zile asilimia zinazopanda ni Windows inaandika taarifa ya ajali. Zikifika 100 na mashine ikajiwasha upya, taarifa inahifadhiwa ndani ya folda ya Windows, kwenye kijifolda kinachoitwa Minidump. Kila anguko, faili moja. Ukikata umeme kwenye asilimia 20, faili halipo, na fundi anabaki kubahatisha. Programu zinazojidai kufagia kompyuta nazo huyafuta mafaili haya kama uchafu. Ile picha ya miraba ya kuskani kwa simu iliyoko pembeni isikusumbue. Inakupeleka kwenye ukurasa wa maelezo ya jumla tu.

Kijana wa kibandani aliiacha ianguke. Ilichukua dakika kumi na moja, waifai ikiwa imewashwa. Safari hii tulikaa kimya wote wawili tukitazama asilimia kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili ambayo siku zote nilikuwa naipita: jina la kosa, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na chini yake maneno "What failed," yakifuatiwa na jina la faili lenye herufi na namba zilizochanganyika, mwisho wake .sys. Ilipowaka akafungua BlueScreenView, programu ya bure ya NirSoft, ndogo kiasi kwamba bando lako halitajua kama umeipakua. Inapanga maanguko yote kwa tarehe na saa, na draiva zilizokuwa eneo la tukio inazipaka rangi ya waridi. Faili lilikuwa lilelile. Akaligugo: waifai.

Kuna jina moja atakuonyesha mtu halafu akudanganye nalo, ama kwa kutojua ama kwa makusudi: ntoskrnl.exe. Hilo ni kerneli yenyewe. Karibu kila ajali inaangukia ndani ya nyumba yake, kwa hiyo jina lake linaonekana mara nyingi. Kuonekana kwake hakumaanishi kwamba Windows ndiyo mbovu.

Kilichofuata ungeweza kukifanya nyumbani. Alifungua "Device Manager," akabofya kifaa cha waifai, akaingia sehemu ya draiva, akabonyeza "Roll Back Driver." Hiyo hurudisha draiva iliyokuwapo kabla ya mabadiliko. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo unaiondoa draiva, ukiweka tiki pale inapouliza kama ifute na programu yake, kisha unaweka ile inayotoka kwa mtengenezaji wa laptopu yako. Unaitafuta kwenye tovuti yake kwa namba ya mashine iliyobandikwa tumboni. Ni bure. Draiva ya waifai ni MB chache, mara nyingi makumi tu. Ya picha ndiyo yenye uzito, hufika mamia ya MB na wakati mwingine GB nzima, kwa hiyo usiiguse kama haina kosa.

Utauliza, nikiondoa draiva ya waifai intaneti nitaipata wapi? Chomeka simu kwa waya wa chaja, washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows inaitambua simu bila waifai. Hili peke yake lilinifanya nione ile 10,000 haikuwa nyingi.

Kama mashine inaanguka kabla hata hujaona uso wa skrini, iwashe na kuizima kwa kitufe mara tatu wakati inajiandaa kuwaka. Mara inayofuata italeta ukurasa wa matengenezo. Fuata "Troubleshoot," kisha machaguo ya juu, kisha "Startup Settings," iwake upya, ubonyeze namba 4. Itaingia hali salama, skrini nyeusi yenye maneno "Safe Mode" kwenye pembe zake, ikiwa imebeba draiva za lazima tu. Ikitulia humo saa nzima wakati kawaida haimalizi robo saa, umeshajua mengi bila kulipa senti: uwezekano mkubwa ni draiva au programu, si chuma.

Onyo moja, na hili ni zito. Laptopu nyingi zilizopigwa Windows 11 toleo la 24H2, mwenye nayo akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski yake imefungwa kwa BitLocker hata kama hakuomba. Ukianza kuingia kurasa za matengenezo inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha. Kama akaunti hiyo aliifungua fundi kwa barua pepe yake, mafaili yako yako mikononi mwa fundi. Ingia leo, mashine ikiwa nzima, unakili tarakimu hizo kwenye daftari.

Nirudi kwenye hesabu. Kijijini 20,000, bila kupona. Duka la vioo 5,000, na hukumu ya 120,000 ambayo nashukuru sikuifuata. Kibandani 10,000, nikapona. Safari mbili 16,000. Jumla 51,000, ukiacha siku za duka kufungwa na jioni tatu za kikoba. Ningeanzia kibandani ingekuwa 18,000. Ningejua nilichokueleza hapo juu, ingekuwa bando la siku na chai yangu mwenyewe.

Lakini si kila bluu ni draiva, na ni vizuri ujue mahali pa kuacha kuhangaika na programu. Draiva mbovu ina tabia: jina lilelile, faili lilelile, kazi ileile. Ikianguka kila mara kwa jina jipya, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho jingine kabisa, shuku rami, yaani kumbukumbu ya mashine. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, Windows itaipima rami yenyewe bila malipo. Mara nyingine dawa ni kuichomoa rami na kusugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli. Kifutio ninauza, shilingi 200. Ikishindikana, mjini nilitajiwa rami ya mtumba ya GB 8 kwa 45,000. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni mashine inalalamika kuhusu chuma chenyewe, joto au umeme wake, na hapo fundi wa bodi ana haki ya kuongea. Mashine inayozimika ghafla bila kuonyesha skrini yoyote nayo ni habari nyingine: betri, chaja, feni. Hiyo usiitafutie draiva.

Programu za kulipia za kusasisha draiva, zinazotangazwa kila ukurasa kwa dola ishirini au thelathini kwa mwaka, mimi sioni zinauza nini. Kazi yao Windows Update inaifanya bure, na tovuti ya mtengenezaji inaifanya vizuri zaidi. Laptopu ya mtumba inayofanya kazi haihitaji draiva mpya kila mwezi. Iache.

Wapo watakaokwambia hamia Linux Mint. Ni bure, faili lake la kuwekea halifiki GB 4, na draiva nyingi huja zikiwa ndani. Kwa mwanafunzi wa kusoma na kuandika ni chaguo zuri kabisa. Kwa steshenari nilijaribu nikarudi: barua za wateja zilizoandikwa kwa Word zilikuwa zinahama mistari, na mteja hataki kusikia kwamba kosa si lako.

Linabaki swali la kununua nyingine. Hapa tarehe moja inabadilisha bei zote: 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitegemeza Windows 10. Kwa mtu binafsi ipo nyongeza ya ulinzi hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Windows 11 rasmi inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au ya AMD ya rika hilo, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo maana laptopu za kizazi cha 4, 5 na 6 zimeporomoka bei na kujaa mezani. Nilionyeshwa ya kizazi cha 6 kwa 280,000 na ya kizazi cha 8 kwa 430,000, zote GB 8. Watengenezaji wengi hawatoi tena draiva mpya kwa zile za zamani, na ukizilazimisha Windows 11 kwa mlango wa nyuma, unarudi kulekule tulikotoka. Tofauti ya 150,000 ni kubwa kwa mtu wa steshenari. Hata hivyo, kama unanunua leo, nunua ya kizazi cha 8, au subiri hadi uipate.

Ukiwa dukani usiridhike kwamba inawaka. Omba waifai, cheza video, ilaze usingizi kisha uiamshe, rudia mara tatu. Draiva mbovu hupenda kuonekana mashine inapoamka. Kisha andika perfmon /rel. Itafunguka kalenda ya afya ya mashine, na kila siku iliyoanguka ina alama nyekundu. Muuzaji akiwa ameipiga Windows jana yake kalenda itakuwa tupu, na hilo nalo ni jibu: muulize kwa nini ilipigwa.

Laptopu yangu ni ileile, rami ileile, mazabodi ileile "iliyochoka." Ile programu ya kusasisha draiva niliifuta, na kijana wa jirani nilimwonyesha folda ya Minidump, sasa naye anauliza kuhusu asilimia. Bei yangu kwa draiva mbovu ni 10,000, na siitoi mpaka fundi ageuze skrini upande wangu anionyeshe jina la faili.